Kurasa Mbili, Zote Tupu

Alikuja kwa mkokoteni, si kwa lori,
amefunikwa gunia la mkaa na kamba ya katani,
vijana watatu wa Nyalenda wakisukuma,
mmoja akilalama tangu stendi
kwamba mwanamke huyu ni mzito kuliko deni.

Mlango ulimkataa.
Tukang'oa fremu ya dirisha la magharibi,
lile linaloingiza jua kwenye rafu ya historia,
tukampitisha kichwa kwanza, kama azaliwavyo mtu.

Jiwe la Tabaka, rangi ya uji uliotiwa maziwa.
Ameketi, kitabu mapajani,
ndara moja mguuni, ya pili ameivua kando.
Vumbi lilikuwa bado likimtoka;
sote tukawa na mikono ya wasaga unga.

Mimi ni mkutubi. Kinachoingia hapa hupewa namba.
Nikafungua daftari, nikajaza:
Mwandishi: Getenga Obwocha, mchongaji.
Jina la kitabu: hakusema.
Mchapishaji: kilima.
Kurasa: mbili, zote tupu.
Kuazimwa: ajaribu mwenye mgongo.

Getenga alisimama, kofia mkononi,
akizitazama rafu kama aliyeingia ukweni.
Miaka thelathini na mmoja, alisema,
amechonga ndovu wawili wawili wa kuegemezea vitabu;
wakaviringishwa kwa majani makavu ya migomba, wakapanda ndege,
kwenda kubana vitabu vya watu asiowajua.
"Kitabu chenyewe sijawahi kukifungua.
Nikasema, basi, huyu afungue."

Kamati ikakaa. Soda zikanywewa.
Mweka hazina akataka kibao cha shaba
chenye majina ya wanakamati wote,
na la Getenga chini, nafasi ikibaki.
Mchungaji Odindo akauliza
kama hii si sanamu ile tuliyokatazwa.
Mama Apondi, anayefagia, akasema toka mlangoni,
"Mchungaji, mimi nikimwinamia, nampangusa vumbi."
Kikao kikafia hapo.
Kibao hakijaja mpaka leo.

Watoto hawakuingoja kamati.
Goti lake la kulia limeng'aa kwa viganja,
ndara ile ya jiwe kila mguu umeijaribu,
na kwenye zile kurasa, penseli:
jina la mtu, samaki mwenye kope,
deni la mandazi, shilingi kumi, Akeyo lipa.
Kila Jumamosi nafuta kwa kitambaa kibichi.
Jumatatu jioni kimeshaandikwa upya.
Nina vitabu elfu mbili na mia tatu humu;
hakuna kinachoshikwa hivyo.

Mwezi wa nane Getenga alirudi,
mvua kwenye mabega, msasa mfukoni.
Nikaona haya, nikakimbilia kitambaa.
Akanizuia mkono.
"Wamesema nini? Nisomee."
Nikamsomea hesabu, tarakimu zimelala upande:
saba mara nane, hamsini na nne.

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.
"Aa, wapi! Kreti yetu ina safu saba,
kila safu ndovu wanane.
Ni hamsini na sita tangu nina meno ya utoto.
Ila dalali kila mara alinilipa hamsini na nne.
Wawili, alisema, huvunjika njiani."

Kicheko kikamwishia polepole.
Akalitazama lile jibu
kama mtu anayekutana na sahihi ya mtu.

Nikampa penseli. Akaigeuza vidoleni,
akanirudishia. Akalowesha kidole kwa ulimi,
akaifuta ile nne peke yake, taratibu,
kama anayelainisha jicho la ndovu,
ya tano akaiacha imesimama na pengo ubavuni.

"Mwenyewe atarudi," alisema,
akachuchumaa kulipiga msasa kovu la mkokoteni
kwenye kisigino cha yule mama, mguu usio na ndara.

Jumamosi hiyo sikushika kitambaa.